Nani Kabadilisha Oili ya Gari Langu?

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua nilipofikia. Kiwanda cha matofali kilifungwa, nikarudi nyumbani na mfuko wa nailoni wenye ndara zangu na kikombe. Januari nikapotea kwenye theluji nikimtafuta farasi wa shemeji. Farasi akarudi mwenyewe kwa miguu yake, mimi nikarudishwa nimebebwa. Wewe unayeingia leo hujachelewa. Mtu ni yuleyule, Sagynbek wa Naryn, mikosi ikimkosa mlangoni inamvizia dirishani.

Baada ya yote hayo nilikuwa nimebaki na kitu kimoja cha kujivunia. Gari.

Zhiguli nyeupe, ya marehemu baba. Tangu aniachie, hakuna fundi aliyewahi kuligusa. Oili nabadilisha mwenyewe. Plagi, mwenyewe. Breki, klachi, mkanda wa feni, mwenyewe, ndani ya banda letu, nikiwa nimesimama kwenye shimo alilolichimba baba kwa sururu. Pale kwenye safu yetu ya mabanda, mwanamume anayepeleka gari gereji kubadilishiwa oili anaonekana kama mtu anayemwita jirani aje amfunge kamba za viatu.

Anayeliendesha ni mke wangu. Aichurek ni daktari wa mifugo, na wafugaji wakishahamia malisho ya juu wakati wa kiangazi, naye hupanda huko karibu kila siku. Yeye anatibu kondoo, mimi natibu gari. Ndiyo mgawanyo wetu. Na tangu kiwanda kifungwe, hiyo ndiyo kazi pekee iliyonifanya niamke nikiwa na pa kwenda.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa sita nikashuka shimoni kubadilisha oili. Nikaweka beseni, nikafungua nati ya chini, oili ikatiririka.

Ilikuwa safi kama asali.

Nikadhani ni macho yangu. Gari limekwenda milimani mwezi mzima, oili inapaswa kutoka nyeusi ti, inanuka moto. Nikapaka kwenye kiganja. Asali. Nikainua taa nikatazama filta. Mimi hununua filta za bluu, kwa mama mmoja sokoni, tangu enzi. Hii ilikuwa nyekundu.

Kuna mtu alikuwa ameshuka chini ya gari langu.

Sijui nawaelezaje. Kama umewahi kulala kwenye mto wako ukasikia harufu ya nywele za mtu mwingine, umenielewa.

Jirani yangu wa banda la pili, Jyrgal, mtu wa utani asiyejua kufunga mdomo, akachungulia juu ya shimo.

"Sagynbek, mbona umeganda? Umekuta hazina huko chini?"

"Nimekuta oili mpya."

"Hongera."

"Sikuiweka mimi."

Jyrgal akacheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Akajikuna shingo.

"Basi una bahati, ndugu yangu. Mimi hata nikipiga magoti hakuna wa kunibadilishia."

"Jyrgal."

"Mimi sisemi kitu."

"Unajua kitu?"

"Nimeshasema sisemi." Akaangalia huku na huku. "Ila gari lako nimeliona kwa Ernazar. Kwenye gereji yake ile ya barabara ya Bishkek, penye ile miti mirefu ya mipopla. Tena si mara moja. Nikadhani wajua, bwana. Nikadhani umechoka kuchafuka."

Ernazar.

Hapa inabidi niwarudishe nyuma kidogo. Kabla yangu, Ernazar ndiye aliyetuma wazee kwa kina Aichurek. Baba mkwe akawapa chai, akawapa nyama, akawauliza swali moja tu: "Binti yangu atampakia kwenye nini?" Ernazar wakati huo alikuwa anatembea kwa miguu. Mimi nikaja baada yake, nimeegesha Zhiguli nyeupe mbele ya lango, imeoshwa inang'aa. Nilimshinda Ernazar kwa gari hilihili.

Akaenda zake Urusi, akafanya kazi kwenye gereji za watu. Mwaka jana akarudi na mashine ya kunyanyua magari hewani, viatu vya ngozi, na hana mke.

Nikatoka shimoni, nikaenda jikoni bila hata kunawa. Aichurek alikuwa anakanda unga wa maandazi.

"Mama Begimai," nikamwambia, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mvua. "Hili gari lilikwenda gereji?"

Mikono yake ikasimama kwenye unga.

"Gereji? Ya nini?"

"Nauliza tu."

"Una banda, una shimo, una mikono." Akainua macho, akaitazama mikono yangu, akayashusha haraka. "Gereji nikafanye nini?"

Nimeishi na mwanamke huyu mpaka najua anavyofunga mlango akiwa amekasirika na anavyoufunga akiwa na njaa. Alikuwa ananidanganya. Nilipata hata kumwonea haya, alivyokuwa hajui kudanganya.

"Haya," nikasema.

"Haya," akasema.

Tukala maandazi. Sikumbuki yalikuwa na ladha gani.

Jumatatu aliniambia anakwenda kuchanja ng'ombe upande wa mtoni. Nilipoona gari limepinda kulia, wakati mtoni ni kushoto, nikaazima pikipiki ya Jyrgal.

"Unakwenda wapi?" Jyrgal akaniuliza, na tabasamu lake limekaa tayari.

"Dukani."

"Ukifika dukani, umsalimie Ernazar."

Nikasimama ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha sambusa za tanuri, nyuma ya lori la makaa. Nikanunua sambusa ili nisionekane nimesimama bure. Na hapo nikaona.

Gari langu lilikuwa hewani. Mashine yake imelinyanyua, magurudumu yananing'inia, tumbo lote liko nje, kila mpita njia analiona. Mimi baba yake nimekuwa nikilitazama tumbo lile nikiwa shimoni, kwa heshima, kwa taa ya mkononi. Huyu amelipandisha juu kama nguo kwenye kamba.

Na mke wangu amekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, chini ya mpopla, bakuli la chai mkononi. Anacheka.

Wenzangu, ningeweza kuvumilia mengine. Kile kicheko sikukiweza. Tangu kiwanda kifungwe sikuwa nimekisikia nyumbani kwangu. Nilikuwa nadhani kimeisha, kwamba wanawake wakifika umri fulani kinaisha chenyewe. Kumbe kilikuwa kimehamia barabara ya Bishkek.

Ernazar akatoka chini ya gari, akamwonyesha kitu kidogo mkononi mwake. Aichurek akakishika, akakigeuza, mkono ukaingia grisi. Yule bwana akatoa kitambaa safi mfukoni akampa. Aichurek akajifuta vidole, akamrudishia.

Ernazar akakikunja. Narudia: kitambaa chenye grisi, akakikunja pande nne, akakitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Fundi gani wa magari anakunja kitambaa cha grisi?

Mama wa sambusa akaniambia, "Baba, unaimwaga."

Nikatazama chini. Mchuzi wa nyama uliokuwa unachemka ulikuwa unanichuruzikia mkononi, na mimi sina habari. Nikaufuta kwenye suruali, nikaondoka.

Siku iliyofuata Aichurek alikwenda ofisini kwa miguu. Nikajifungia bandani na gari. Nikalipiga jeki, nikavua magurudumu ya mbele, nikakagua kila kitu kama daktari wa polisi.

Kila mahali alikuwepo. Plagi si zangu. Mkanda wa feni si wangu. Bomba la maji la chini limebadilishwa, limebanwa kwa kikuku kipya kinachong'aa. Na breki! Pedi za breki ambazo nilizifunga kwa mikono yangu mwezi wa nne hazikuwepo. Pale palikuwa na pedi mpya, nene, za bei, zimekaa kama meno ya bandia ya tajiri.

Hakuacha hata kipande kimoja cha kazi yangu. Amenifuta.

Nililala, sikulala. Aichurek akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni mgongo.

Jumatano nikaamka yeye bado amelala. Nikaenda bandani. Nikazitoa zile pedi zake, moja moja, nikazitia kwenye mfuko. Nikachukua pedi zangu za akiba, zilikuwa kwenye boksi juu ya rafu, nikazifunga. Nikarudisha boliti mahali pake, nikakaza.

Kuna jambo sijawaambia, na mke wangu pia sikuwa nimemwambia. Tangu baridi ile ya Januari, vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havina habari na dunia. Ukivichoma sindano, havijui. Nilijifunza kuficha. Nilishika spana kwa vile vilivyobaki, nikazungusha mpaka nikaona imekaza. Angalau niliamini imekaza.

Nilipokuwa napangusa mikono, Aichurek akaingia bandani amevaa koti lake la kijani, mkoba wa dawa begani, simu sikioni.

"Msimguse, nasema! Mfunikeni blanketi, nakuja." Akakata simu. "Farasi wa kina Temirkul, kule malisho ya juu, amekwama kuzaa. Mtoto amelala vibaya tumboni. Nipe ufunguo."

"Chai hujanywa."

"Baba Begimai, ufunguo."

Nikamtolea. Akaona mikono yangu ilivyo myeusi. Akasimama.

"Umeligusa gari?"

"Ni gari langu."

"Najua ni lako. Umeligusa wapi?"

Tulitazamana. Nilikuwa na neno moja tu la kusema: breki. Nikafikiria alivyonijibu mimi pale kwenye unga, macho chini.

"Oili tu," nikasema.

Akataka kuuliza tena. Midomo yake ilishafunguka. Simu ikalia, ni kina Temirkul, wanalia nao. Akaingia garini, akawasha, akatoka kwa kasi, vumbi likajaa bandani.

Mimi nikachukua ule mfuko wa pedi, nikaenda barabara ya Bishkek. Nilitembea kwa miguu, na nilitembea vizuri, kifua mbele. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote.

Ernazar alikuwa amelala chini ya lori. Nikaugonga mguu wake kwa kiatu.

"Toka."

Akatoka, akajifuta uso, akanitambua. Hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyekuwa ananisubiri siku nyingi.

"Sagynbek. Karibu. Chai ipo."

"Sikuja kunywa chai na mtu anayeshika vitu vya watu." Nikamwaga pedi mezani, mbele ya wateja wake wawili. "Chukua vitu vyako. Gari langu lina mwenyewe. Na mke wangu ana mwenyewe."

Wateja wakageuka. Nilisubiri anijibu matusi, nilikuwa nayahitaji. Lakini Ernazar hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anazitazama zile pedi. Akaokota moja, akaigeuza.

"Hizi umezitoa lini?"

"Leo."

"Ukaweka nini?"

"Zangu."

"Ukafunga mwenyewe?"

"Ulitaka nikuite wewe?"

Akaitupa mezani.

"Aichu yuko wapi?"

Aichu! Jina hilo alimwita mama yake tu, na mama yake tulishamzika.

"Usimwite hivyo."

"Yuko wapi, Sagynbek?"

"Yuko kazini. Amepanda malisho ya juu."

"Kwa gari hilo?"

"Ulitaka apande kwa lako?"

Alishazizoa zile pedi kwenye mfuko wangu, akanipita. Alikuwa anakimbilia gari lake, ovaroli limefunguka, huku anabonyeza simu. Akaitupa kitini.

"Ameshavuka daraja, hakuna mtandao. Ingia!"

"Siingii kwenye gari lako."

"Basi kaa hapo na kiburi chako!"

Akawasha. Sijui ni kitu gani kilinisukuma. Nadhani ni sauti yake. Nilishasikia watu wakiniogopa, nilishasikia watu wakinicheka, lakini yule mtu alikuwa anaogopa kwa ajili ya mke wangu kuliko nilivyokuwa naogopa mimi. Nikarukia mlango gari likiwa limeshaanza kwenda.

Tulivuka daraja. Barabara ilipoanza kupanda, akasema bila kugeuka:

"Mwezi wa tatu alikuja kwangu gari limefungwa kamba nyuma ya lori la makaa. Gurudumu la mbele lilikuwa linacheza kama jino la mtoto. Nati zote zimelegea. Nikamuuliza, nani kalifunga hili? Hakunijibu. Akalia kwanza."

"Muongo."

"Mwezi wa nne, breki. Mwezi wa tano, nati ya oili ilidondoka njiani, oili yote ikamwagika mchangani. Bahati yake alikuwa ameshafika tambarare."

"Muongo wewe!"

"Vidole vyako havisikii, Sagynbek. Anajua. Alikuona umeshika kikombe cha chai kinachotoka moshi, ngozi inaungua, na wewe unamsimulia hadithi. Alikwenda chooni akalia, akarudi akakuongezea sukari."

Nikaviweka vidole vyangu chini ya paja, kama mtu aliyekamatwa na kitu.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema, 'Kiwanda wamemnyang'anya. Nikimnyang'anya na gari, atabaki na nini?' Akanipangia utaratibu. Wewe unatengeneza Jumamosi. Yeye analeta Jumatatu, mimi naanza upya."

Yaani kila Jumamosi niliyotoka shimoni nikijisifu, nikimwita aje asikie injini inavyonguruma, akasimama pale mlangoni akatikisa kichwa akasema "Safi kabisa, Baba Begimai", alikuwa anahesabu tu ifike Jumatatu.

Hapo ningepaswa kuona aibu. Ningepaswa kumshukuru Mungu, na kumshukuru huyu bwana. Nawaambia ukweli kilichonijia: niliwaza kwamba kumbe walikuwa na siri. Siri yao wawili, kila wiki, miezi mitatu, inanihusu mimi na mimi simo. Wivu ukanipanda upya, mkali kuliko ule wa mwanzo, kwa sababu sasa haukuwa na mahali pa kushika.

"Anakupa nini?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Kwa kazi yote hiyo. Pedi, plagi, mabomba. Unamtoza kiasi gani?"

Akabadilisha gia.

"Simtozi."

"Kwa nini?"

"Tazama bondeni upande wako. Mimi natazama huku."

"Ernazar, kwa nini humtozi?"

"Unataka nikudanganye, au unataka nikwambie?"

Nilifungua mdomo. Nikatazama bondeni. Kule chini, mbali, mto ulikuwa mwembamba kama uzi, na kwenye mawe kulikuwa na kitu cheupe.

"Simama!"

"Ni barafu," akasema. "Nimeiona na mimi. Ni barafu iliyobaki."

Akaongeza mwendo.

Barabara ile inapanda kwa kona, kona juu ya kona, na baada ya kipande cha kupanda kuna mteremko mfupi mbaya kabla ya kupanda tena. Pale ndipo tulipoliona. Zhiguli nyeupe imechomeka pua kwenye rundo la kokoto ambalo watu wa barabara waliliacha pembeni. Taa moja imevunjika. Mlango uko wazi.

Niliruka kabla gari halijasimama, nikaanguka, nikainuka.

"Aichurek! Aichurek!"

Alikuwa amekaa upande wa pili, juu ya jiwe, mkoba wa dawa mapajani. Mzima. Kipande cha ngozi kimechubuka kwenye paji la uso, basi. Nikapiga magoti mbele yake nikamshika mabega, nikamshika uso, nikamshika tena mabega.

Alinitazama mimi. Kisha akamtazama Ernazar aliyekuwa anakuja nyuma yangu. Kisha akalitazama gari moja tulilokuja nalo sote wawili.

"Mmekuja pamoja," akasema.

Hakuwa anauliza.

Ernazar hakuja kwake. Alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, akalala chini, akaingiza mkono. Akatoka na boliti moja, akaisimamisha kwenye kiganja.

"Hii ilibaki. Ya pili imeshadondoka."

"Nilikanyaga ikaenda hadi chini," Aichurek akasema. "Haikushika. Nikarudisha gia, nikavuta breki ya mkono, nikaona kokoto." Alikuwa anaongea polepole, kama anayeandikisha polisi. "Zile breki ulinifungia mwenyewe wiki ile, Ernazar. Nilikuwepo. Nani amezifungua?"

Ernazar akatazama milima.

"Nani amezifungua?"

"Mimi," nikasema.

"'Oili tu.' Si ndivyo ulivyoniambia? Bandani, ukiwa umesimama mbele yangu, ufunguo mkononi. 'Oili tu.'"

"Na wewe uliniambia gari halijakwenda gereji!"

Neno lilinitoka lenyewe. Nilitamani nilirudishe mdomoni nilimeze.

Aichurek akainuka. Akapangusa koti lake la kijani, akatundika mkoba begani.

"Farasi wa kina Temirkul anakufa," akasema. "Lazima niende."

Ernazar akasema haraka, "Chukueni gari langu. Sagynbek akupeleke. Mimi nitabaki na hili, pedi ninazo, boliti nitapata kwenye boksi la vifaa. Nendeni."

Nawaapia alisema hivyo, na alisema kwa moyo mmoja. Nilimchukia zaidi kwa hilo kuliko kwa kitambaa.

Nikanyoosha mkono kupokea ufunguo wake.

"Hapana," Aichurek akasema.

Tukamgeukia wote wawili.

"Huyu atabaki. Wewe twende."

"Mama Begimai," nikamwambia. "Mimi ni mumeo."

"Najua. Ningekuwa sijali ningekwambia siku ya kwanza: Sagynbek, mikono yako haifai tena, kaa pembeni. Ingekuwa rahisi. Nimeendesha gari hili miezi mitatu moyo uko mdomoni, kila Jumapili, kila Jumatatu asubuhi, ili wewe uendelee kuwa fundi wa nyumba yako." Akaukaza mkoba begani. "Na wewe ukaenda ukaniwekea kifo changu kwenye gurudumu, kwa sababu ya wivu. Halafu ukanipa ufunguo kwa mkono wako."

"Sikujua..."

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza!"

"Uliniuliza habari za gari," akasema. "Mimi hukuniuliza."

Akapanda gari la Ernazar. Akakaa mbele.

Ernazar alisimama katikati yetu, ananitazama, kama mtu anayeomba ruhusa. Sikumpa, wala sikumnyima. Akatoa boksi lake la vifaa, akaliweka chini karibu na mguu wangu, akauweka na mfuko wa pedi juu yake.

"Kuna boliti ndani," akasema chini kwa chini. "Usifunge peke yako. Lori lolote likipita, mwombe dereva akukazie."

Kisha akaingia, akafunga mlango, wakaondoka. Mimi ndiye niliyempeleka huyu bwana mpaka kwa mke wangu. Nimetembea kwa miguu kwenda kumwita, nimempandisha mlima mzima, nimemkabidhi.

Nikabaki nimesimama na boksi la mtu mwingine, pedi za mtu mwingine, na gari langu limepiga magoti kwenye kokoto.

Nilisema barabara ile ni kona juu ya kona. Ukisimama hapa chini, unaona vipande vyote vya juu. Gari lao likapotea, likatokea juu yangu, likapotea, likatokea dogo zaidi. Nilikuwa nawaza wanasemezana nini mle ndani. Nilikuwa nawaza kama wanasemezana.

Kwenye kona ya juu kabisa, mahali ambapo hakuna hema, hakuna mfugaji, hakuna sababu yoyote ya mtu kusimama, taa nyekundu za nyuma zikawaka.

Gari likasimama.

Nilingoja liondoke. Haliondoki.

Mlango wa upande wake ukafunguka, nikaliona koti la kijani linashuka. Farasi anakufa, na koti la kijani limesimama barabarani halina haraka.

Nikamwita. Mlima ukanirudishia sauti yangu mwenyewe.

Kisha mlango wa pili nao ukafunguka.